Wembe Ukishagusa Rangi: La Kufanya Gari Likiumia Wakati wa Kubandikwa PPF

Mstari wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulianzia kwenye kona ya taa ya kulia ya Harrier nyeusi, ukafuata ukingo wa boneti kama sentimita 30, ukaishia karibu na fenda. Niliuchora mimi mwenyewe kwa wembe wangu, asubuhi moja ya mwezi wa saba pale Sae, siku ambayo baridi ya Mbeya ilifanya vidole vyangu viwe kama vya kuazima.

Mimi ni fundi rangi. Nilipiga rangi magari miaka mingi kabla sijaanza kubandika PPF. Kwa asiyeijua, ni nailoni nene inayopitisha mwanga, imetengenezwa kwa poliyurethani, inabandikwa juu ya rangi ili kokoto za barabarani zigonge nailoni na siyo bodi. Huku kwetu sihitaji kumweleza mtu mara mbili. Fuata semitrela kutoka Uyole hadi Makambako mara kumi tu, halafu angalia boneti lako: utadhani limeugua tetekuwanga.

Mwenye Harrier ni mwalimu mstaafu anayekaa Forest. Mstari wangu haukuwa balaa kubwa. Balaa nililileta dakika kumi baadaye, pale nilipowasha mashine ya polishi ili niufute kabla mwenye gari hajarudi kutoka kunywa chai. Ukingoni mwa boneti rangi huwa nyembamba kuliko katikati, nami nilijua hilo tangu nikiwa msaidizi wa fundi. Nilisugua hata hivyo. Kilia, lile tabaka la juu linalong'aa lisilo na rangi, ikaisha, rangi nyeusi ikafifia, kijivu cha praima, rangi ya msingi, kikachungulia. Mstari wa unywele ukawa doa la upana wa kidole.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fundi, hapa pana nini?"

"Nimekukata, Mwalimu. Nilipotaka kuficha nikaharibu zaidi."

Aliinama akatazama muda mrefu. "Mwanafunzi akikosea hesabu namwelekeza," akasema. "Akifuta mpaka karatasi ikatoboka, hana tena pa kuandika."

Tangu siku hiyo wameniletea magari mengine yaliyoumia kwa namna hiyo hiyo, mengine kutoka Tunduma, mengine Njombe, mengi yakiwa yameshasuguliwa na mtu mwenye haraka. Kwa hiyo ukigundua gari lako limeumia baada ya kubandikwa, jambo la kwanza ni kuzuia mkono wowote usiliguse, hata wa fundi anayekuahidi "nakufutia sasa hivi, bosi".

Piga picha. Picha ya saa sita mchana haionyeshi kitu, maana jua liko utosini. Subiri saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, mwanga ukija kwa ubavu, au tumia tochi ya simu ukiilaza karibu na bodi. Piga moja ya mbali inayoonyesha namba ya gari na sehemu yenyewe, kisha za karibu ukiweka rula au sarafu ya shilingi 200 kando ya alama ili ukubwa uonekane. Zitume kwa fundi siku hiyo hiyo kwa WhatsApp, na maneno mafupi: nimechukua gari saa fulani, nimekuta hili. Usitukane. Ujumbe huo huenda ukasomwa na mtu wa tatu siku moja.

Huenda si rangi

Nusu ya wanaonijia wakiwa wamefura, rangi yao iko salama. Nailoni hubandikwa kwa maji yenye sabuni kidogo, na sehemu ya maji hayo hubaki chini yake. Utaona ukungu, vijipovu, hata mistari ya gundi iliyovutwa. Penye joto ukungu na vijipovu vya maji vinakauka baada ya siku chache. Mbeya mwezi wa sita na wa saba, gari likilala nje kwenye baridi ya Loleza, vinaweza kukaa wiki kadhaa. Povu la maji ukilibonyeza kwa kidole linahama. Usilitoboe kwa sindano eti unatoa maji, na ukingo usiuchokonoe kwa kucha.

Mkwaruzo nao unaweza kuwa juu ya nailoni tu. PPF nzuri ina tabaka la juu linalojirudi likipata joto, kwa hiyo mimina taratibu maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida, au acha gari juani mpaka saa nane. Alama ya juu itafifia au kupotea. Ikibaki vilevile, ama imezama ndani ya nailoni, ama iko kwenye rangi. Hapo tena usiibandue kwa papara.

Wembe una mahali pake pa kupitia, na hapo ndipo pa kukagua kwanza: kuzunguka taa, kingo za milango, pembeni ya nembo, chini ya vishikio vya milango, kando ya mpira wa kioo cha mbele. Ukiona kipande kimeishia katikati ya bodi kwa mstari ulionyooka sana, huenda kilikatiwa palepale juu ya gari.

Hesabu yake inatisha kidogo. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia kinga ya kutu iliyoshika chuma mpaka kilia ya juu, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Kilia peke yake ni 40 au 50, wakati unywele mmoja wa kichwani ni kama 70. PPF yenyewe huwa na maikroni 150 hadi 200. Ina maana fundi anakata kitu kinene kuliko rangi yote, na anatakiwa asimamishe ncha ya wembe kabla haijafika kwenye tabaka jembamba kuliko unywele. Wapo wanaoweza. Siku ya baridi, nailoni ikiwa imekakamaa, mimi sikuweza.

Kuibandua bila kuondoka na rangi

Ikibidi kuitoa, ipashe joto. Mashine ya kupuliza hewa ya moto inafaa ukiihamishahamisha, maana ukiituliza mahali pamoja utaivimbisha rangi na kuwa na madhara mawili. Bodi iwe ya moto kiasi kwamba kiganja hakikai zaidi ya sekunde chache. Asubuhi ya mwezi wa saba sianzi kabla ya saa tano, na gari nalitoa kivulini mapema ili chuma chenyewe kipate uvuguvugu.

Anzia kwenye kona. Ikunje nailoni irudi juu ya mgongo wake, ikiwa imelala karibu na bodi, kisha uivute polepole sana huku ukipasha mbele yake. Ukiivuta kwenda juu kama unang'oa muhogo, unaiambia rangi ije nayo. Ukiona tu chembe ya rangi imeganda kwenye gundi, simama. Jaribu kutokea upande wa pili. Ikiendelea kuja, acha kipande hicho kining'inie na upeleke gari kwa mpiga rangi kama lilivyo. Mama mmoja wa Mwanjelwa alifanya hivyo, gari likapita mjini likiwa na ulimi wa nailoni unaopepea. Watu walicheka, ila rangi ilibanduka kiasi cha kiganja kimoja tu badala ya mlango mzima.

Gundi inayobaki itolewe kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kwa kitambaa laini, bila kukwangua. Thina iache kwanza. Gari likiwa limewahi kupigwa rangi ya NC, ile inayokauka kwa thina kuruka tu, thina itaiyeyusha kama sukari kwenye chai. Jaribu mahali pasipoonekana, ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta kwa mfano, kama nako kulipigwa rangi hiyo: gusa na kitambaa chenye thina kidogo. Kitambaa kikitoka na rangi kwa haraka, hiyo si rangi ya kiwandani wala si 2K, ile inayochanganywa na kigumishi, iliyokomaa.

Kina chake ni kipi

Osha, kausha, kisha lowesha alama kwa maji. Ikipotea ikiwa imelowa na kurudi ikikauka, kuna uwezekano mkubwa imeishia kwenye kilia. Pitisha ukucha kwa kuukatisha mstari, usiufuate. Ukucha ukipita bila kukwama, polishi inaweza kutosha. Ukikwama, polishi haitaumaliza mstari huo, hata uahidiwe nini. Halafu angalia rangi ndani ya mfereji: kijivu au nyeupe ya unga ni praima, mng'ao ni chuma.

Kama unaweza kuazima kipimo cha unene wa rangi, azima. Kiguse kwenye paa kwanza, sehemu ambayo mara nyingi haijaguswa na mtu, upate namba ya kulinganisha. Boneti la Mwalimu lilisoma maikroni 118. Fenda ya kushoto ilisoma 290, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini, nilipoiinua nailoni ya fenda ili niiweke sawa, rangi ya ukubwa wa kiganja ilitoka nayo. Gari lilishapigwa rangi kabla halijafika kwetu, Japani au Dar sijui, na aliyeipiga hakuuparuza uso wa chini ipasavyo ili rangi mpya ishike. Puti, ule udongo wa kujazia bodi iliyobonyea, inasoma mbali zaidi, mara nyingi 500 kwenda juu. Kipimo hiki hakisomi bampa, kwa sababu ni plastiki, na vile vya bei rahisi havisomi boneti la aluminiamu kama la Subaru Legacy. Usipokuwa nacho, sumaku ya spika iliyofungwa kwenye kitambaa chembamba itakuonyesha penye puti nene: inashika kwa unyonge au haishiki kabisa.

Yapo magari ya rangi ya kiwandani yanayobanduka nayo. Nyeupe za Toyota namba 040 na 070 zimewahi kuleta kesi hiyo mpaka Toyota yenyewe, huko Marekani, ikaweka mpango wa kupaka upya baadhi ya magari, kwa kuwa jua lilidhoofisha mshiko kati ya praima na tabaka la chini yake. Sisi tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni baridi lakini jua lake ni kali. Ukiwa na gari jeupe la namba hizo na limekaa juani miaka, mwambie fundi kabla hajaanza.

Kurekebisha

Alama ya kwenye kilia tu: polishi laini kwa mkono kwanza, mahali padogo, uone. Ikigoma, kampaundi ya kati, inayokwangua zaidi ya polishi, kwa mashine ya mzunguko mdogo, sponji ikiwa na unyevu, na ukingo wote ufunikwe kwa tepu ya karatasi. Kila ukipita unakula kilia na haioti tena. Gari lililokwisha kupigwa polishi mara nne na waosha magari halina akiba hiyo.

Alama iliyofika kwenye rangi au praima inajazwa. Tafuta namba ya rangi kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, pameandikwa C/TR, na namba ya kwanza ndiyo ya rangi. Nunua kiasi kidogo kilichochanganywa kwa namba hiyo, usikubali "nyeusi ni nyeusi tu". Futa mfereji kwa spiriti. Chukua kijiti cha meno kilichochongwa, weka rangi ndani ya mfereji tu, tabaka jembamba, subiri likauke, weka jingine. Mwisho kilia kwa njia hiyo hiyo, mpaka ikae juu kidogo ya uso wa bodi. Acha wiki nzima, kwenye baridi wiki mbili. Ndipo msasa wa maji namba 2000 uliozungushwa kwenye kipande kidogo kigumu, maji yenye tone la sabuni, kisha 3000, kisha polishi. Mstari wa wembe unapokea dawa hii vizuri kwa sababu kingo zake ni safi, hazikuchanika. Ningefanya hivi tangu mwanzo kwa Mwalimu, nisingelipa rangi ya boneti zima.

Nyeupe ya lulu kama 070 inasumbua. Ina tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu, kilia. Ukijaza kwa kijiti, mchana haionekani, jioni inaonekana kama chokaa. Mwambie mteja ukweli huo mapema.

Chuma kikiwa wazi, usilale nacho masika. Hata kama pesa ya fundi haipo, kausha na upake praima ya kuzuia kutu kwa brashi ndogo. Itakuwa mbaya kwa macho, lakini kutu haitatembea chini ya rangi nzima wakati unajadiliana na watu. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu, ila hutoa unga mweupe unaoinua rangi vilevile.

Rangi iliyobanduka kama ile ya fenda haijazwi kwa kijiti. Kingo zake hazijashika, zinangoja tu. Bandika tepu ngumu kuzunguka doa na uivute: kitakachotoka kitoke sasa. Endelea mpaka ufike penye rangi iliyoshika kweli, paruza kwa msasa ngazi kwa ngazi ili kusiwe na kidaraja, praima, rangi, na kilia ipigwe fenda nzima, isiishie katikati. Fundi akikuambia atapulizia hapo hapo tu kwa kopo, fenda itakuwa na kivuli cha mviringo ambacho jirani atakiona kabla yako.

Nani analipa

Mstari wa wembe ni wa fundi, sina utetezi. Kuchoma kwa joto na mikwaruzo ya mchanga uliobanwa chini ya nailoni ni ya fundi pia. Alipaswa kuosha vizuri. Rangi iliyobanduka ina mjadala. Kama uliulizwa gari lilishapigwa rangi ukasema hapana, au kulikuwa na karatasi uliyosaini, huna nguvu sana. Kama hakuna aliyeuliza wala kupima, mimi naona mzigo ugawanywe, na hivyo ndivyo tulivyofanya: boneti nililipa lote, fenda Mwalimu alinunua rangi na kilia, mimi nikatoa kazi.

Andikeni mliyokubaliana: sehemu gani, nani atapaka, rangi ya aina gani, mwisho lini. Kataa fidia ya "nitakubandikia nyingine bure" kama rangi ya chini bado ni mbovu, maana utakuwa umefunika kidonda kwa plasta. Una haki pia ya kupeleka kazi ya rangi kwa fundi mwingine. Anayekata vizuri stika si lazima awe anajua kupiga rangi. Mkishindwana, anzieni ofisi ya serikali ya mtaa, na baada ya hapo mahakama ya mwanzo, ambako mtu anaweza kufungua madai yake mwenyewe. Peleka risiti ya EFD, picha, na maandishi ya fundi rangi asiye na upande akieleza kina na gharama. Zile meseji za WhatsApp zisifutwe: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi.

Kubandika tena

Rangi mpya inahema. Ukiifunika kwa nailoni mapema utapata vipovu vya gesi, na siku ya kuitoa itaondoka na rangi yako mpya. Siku 30 ndicho kiwango cha chini kinachosemwa na wengi kwa rangi iliyokauka kwa hewa. Karakana zetu nyingi hazina chumba cha joto, kwa hiyo mimi kuanzia Mei mpaka Agosti nasubiri miezi miwili.

Safari hii dai vipande vilivyokatwa kwa mashine kwa kipimo cha gari lako, au tepu yenye uzi ndani ambayo inabandikwa kwanza chini ya nailoni, kisha uzi unavutwa na kukata kutokea chini bila wembe. Pima rangi kila upande kabla, namba ziandikwe, wote wawili msaini.

Mwalimu alirudi mwezi wa kumi. Boneti na fenda nilikuwa nimeagiza vipande vilivyokwisha kukatwa. Hata hivyo aliomba stuli, akaketi hatua mbili kutoka kwenye taa ya kulia, chupa yake ya chai miguuni, na safari hii hakwenda kokote mpaka nilipomaliza.